Tupime Intaneti Yetu Sisi Wenyewe
Maneno tuliyosema mbele ya vijana wa Lubumbashi



Tuanze na kitu tunajua wote. Ni saa mbili ya usiku, uko mu Katuba ao mu Ruashi. Umenunua forfe na makuta ya muzazi. Ku simu wanaandika 4G. Unatuma dosie ya kuomba bursa, mwisho ni saa sita ya usiku. Kale kaduara kanazunguka, kanazunguka. Asubui forfe imeisha, dosie haikufika. Ilimufikia mwenzetu mumoja. Alipoenda kulalamika wakamujibu: «Rezo iko muzuri, ni simu yako.» Alikosa la kujibu, juu hakukuwa na kipimo mu mikono yake. Njo maana tuko hapa leo.

Mukumbuke RAM. Kuanzia mwezi wa 9 mwaka 2020, walikata inite zetu juu ya kuandikisha simu: dola 7 kwa mwaka kwa simu ya 3G ao 4G, dola 1 kwa simu ndogo ya 2G. Inchi nzima ikalalamika, na mwaka 2022 serikali ikaiondoa. Ile kodi kila mutu aliiona ku simu yake, hakuna mukubwa aliweza kusema haiko. Intaneti ya polepole nayo inakula makuta yetu, lakini haionekani. Kazi yetu ni kuionyesha.

Tunapima namna gani? Fungua Fast.com ao Speedtest. Angalia vitu vitatu: mwendo wa kushusha, mwendo wa kutuma, na muda wa kungoja mbele jibu lirudi, ule wanaita ping. Wengi wanaangalia kushusha tu. Lakini dosie ya bursa inahitaji kutuma, na kuitana kwa video kunahitaji ping ndogo.

Pima mara tatu: asubui, saa saba ya muchana, saa mbili ya usiku. Kama ni Wi-Fi ya nyumba, simama karibu na modemu na uambie ndugu zako waache video kidogo. Kama karibu na modemu iko mbio na mu chumba iko polepole, kosa ni la ukuta, si la kampuni. Tusimusingizie mutu.

Muangalie tena: jaribio moja linaweza kula makumi ya mega, na pale rezo iko mbio, hata zaidi ya mia. Kwa hiyo mutu mumoja kwa nyumba inatosha.

Sasa hesabu. Mwendo wanaupima na megabiti kwa segonde. Mega tunanunua ni kitu kingine: megabiti 8 njo zinafanya mega 1. Jaribio likisema 10, unapata mega 1 na robo kwa segonde. Filamu ya mega 700 itachukua dakika 9 na kidogo. Ikichukua saa nzima, kuko neno la kuuliza. Na ile 4G ku simu ni aina ya rezo, si ahadi ya mwendo. Antene moja tunaigawanya wote, njo sababu usiku inalemea.

Tuko na njia gani? Wengi wetu tunatumia simu: Vodacom, Airtel, Orange, Africell. Pale tunanunua mega, hakuna mwendo unaandikwa. Kuko fibre, lakini inapita mu mitaa fulani tu. Kuko satelite: mwezi wa 3 mwaka 2024 ARPTC ilikataza Starlink, na mwezi wa 5 mwaka 2025 ikaipa ruhusa. Lakini chombo chake kinauzwa na dola, haiko bei ya mwanafunzi. Na njia yoyote, courant ikienda, modemu inazimika.

Tujue tena kama shida haitoki kila mara mu mutaa. Mwezi wa 8 mwaka 2023, udongo uliporomoka chini ya bahari karibu na mto Kongo, ukakata waya za WACS na SAT-3. Na kisha kura za mwisho wa 2018, serikali ilifunga intaneti karibu wiki tatu. Pale hakukukatika waya yoyote.

Tunaomba vitu viwili. Kampuni ziandike ku kila forfe mwendo mudogo kabisa zinaahidi, si mega tu. ARPTC, ambayo kazi yake ni kuzisimamia, itangaze vipimo vya kila komini: Kamalondo, Kenya, Katuba, Ruashi, Kampemba, Lubumbashi na Annexe.

Lakini tusingoje na mikono mitupu. Wiki moja, kila mutu apime mara tatu kwa siku, apige picha ya ekra, aandike komini, saa na kampuni. Mufiche namba ya simu na adresi ya IP. Hata kipimo kizuri mukitume, juu tukificha vizuri, hawataamini vibaya.

Siku ingine wakisema «ni simu yako», tutaweka makaratasi ku meza. Wao nao walete ya kwao.

Tupime. Tuandike. Tudai.