Mkono Unaovimba na Bega Linalokaza Baada ya Tiba ya Saratani ya Matiti: Kazi ya Zahanati na Nyumbani Ufipa

Mada kwa wauguzi, matabibu na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, Sumbawanga

1. Utangulizi

Mama wa Matai, Laela au Namanyere anayeugua saratani ya titi hutibiwa mbali na kwao. Kutoka Sumbawanga mjini hadi Mbeya, ilipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda, ni zaidi ya kilomita 300 kwa njia ya Tunduma. Akitakiwa kupata mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, safari inapita kilomita 1,100. Anaposhuka basi akirudi, kovu likiwa limefunga, ndugu na majirani humpa pole na kumshukuru Mungu, na kila mtu huona kwamba yamekwisha. Miezi kadhaa baadaye pete haiingii kidoleni, mkono wa gauni unabana, na kusuka nywele kumemshinda kwa sababu bega halipandi.

Hoja yangu ni kwamba mkono huo unaweza kutunzwa hapa hapa Ufipa, kwa sabuni na maji, futikamba ya fundi cherehani na mazoezi ya kila siku. Sharti lake ni sisi kuacha kumwambia mama asiutumie mkono wake, tukaanza kumfundisha namna ya kuutumia.

2. Kwa nini mkono huvimba na bega hukaza

Maji ya mwilini yanayoitwa limfu hutoka mkononi kupitia tezi za kwapani. Daktari akiziondoa ili kuzuia saratani isienee, au mionzi ikizichoma, maji hukosa njia na kutuama kama shamba ambalo mfereji wake umezibwa. Kwa waliotolewa tezi nyingi za kwapani, karibu mmoja kati ya watano huvimba mkono. Wengi huanza ndani ya miaka miwili ya mwanzo, lakini uvimbe unaweza kuja hata baada ya miaka kumi. Unene wa mwili na maambukizi ya ngozi huongeza hatari.

Bega lina sababu zake. Kovu na mionzi hukaza misuli ya kifua. Mama naye, kwa hofu na maumivu, huubana mkono ubavuni kwa wiki nyingi mpaka kiungo kinaganda. Wengine huota nyuzi ngumu chini ya ngozi, kutoka kwapani hata kwenye kiwiko, zinazovutika akinyoosha mkono. Nyuzi hizo si saratani, na kwa kawaida hulegea kwa mazoezi ya kunyoosha. Ganzi au mwako upande wa ndani wa mkono hutokana na mshipa wa fahamu ulioguswa wakati wa upasuaji.

Bega lililokaza huleta shida nyingine mapema. Kwenye mashine ya mionzi mgonjwa hulala ameinua mkono juu ya kichwa. Asiyeweza kuuinua huenda akacheleweshwa tiba baada ya safari yote hiyo. Kwa hiyo mazoezi yaanze kabla hajapanda basi la kwenda kupigwa mionzi.

3. Jembe si adui

Kwa miaka mingi wagonjwa waliambiwa wasibebe kitu kwa mkono huo. Ushahidi umebadilika. Mwaka 2009 Kathryn Schmitz na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti wa wanawake 141 ambao mikono yao ilikuwa imekwisha kuvimba. Walionyanyua vyuma kwa usimamizi, wakiongeza uzito kidogo kidogo na kuvaa soksi ya mkono ya kubana, hawakuvimba zaidi ya wenzao ambao hawakunyanyua, na vipindi vya uvimbe kuzidi vilikuwa vichache zaidi kwao. Mwaka 2021 utafiti wa Uingereza wenye wanawake 392 ulionyesha kwamba mazoezi yenye mpangilio, yaliyoanza siku 7 hadi 10 baada ya upasuaji, yaliacha mkono ukifanya kazi vizuri zaidi mwaka mmoja baadaye.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Mwanamke wa Ufipa huishi kwa jembe: mahindi, maharage, ulezi, na kufukia nyasi kwenye matuta ya intumba. Tukimwambia asilime kabisa, ama watoto watalala njaa ama atatudanganya. Tumwambie hivi: anza na robo saa, pumzika, kesho asubuhi utazame mkono. Usipoongezeka, ongeza kidogo. Ukijaa au ukiuma, rudi nyuma siku mbili tatu. Ndoo atwishwe na mwenzake, asiinyanyue peke yake kutoka chini. Anayevuna ulezi kwa kisu azungushie vidole kitambaa.

4. Utunzaji wa kila siku

*Ngozi.* Nchi yetu ina ujuzi huu tayari. Wagonjwa wa matende mikoa ya pwani wamefundishwa kuosha mguu kwa sabuni, kuukausha hadi katikati ya vidole na kutibu kila mchubuko, na vipindi vya homa na maumivu vikapungua. Mkono uliovimba unahitaji hayo hayo, pamoja na mafuta ya kulainisha ngozi. Baridi ya Juni na Julai huwasogeza akina mama karibu na jiko, basi tuwakumbushe kujihadhari na moto.

*Kipimo.* Pima mikono yote miwili kwa futikamba: kifundo cha mkono, sentimita 10 chini ya kiwiko, kwenye kiwiko, na sentimita 10 juu yake. Andika kwenye daftari la mgonjwa. Tofauti ya sentimita 2 mahali popote ni ishara ya kuchukua hatua. Kipimo cha kwanza kichukuliwe kabla ya upasuaji, kwa kuwa mkono anaoutumia zaidi huweza kuwa mnene kidogo tangu awali.

*Mazoezi.* Wiki ya kwanza baada ya upasuaji: kukunja ngumi, kukunja kiwiko, kuzungusha mabega, kuvuta pumzi ndefu. Daktari akiridhia, kwa kawaida kuanzia siku ya 7 hadi ya 10, alale chali, ashike mpini wa jembe kwa mikono miwili na kuupandisha polepole juu ya kichwa. Kisha asimame mbele ya ukuta, vidole vitambae kwenda juu, na aweke alama ya mkaa pale vilipofika. Mara 10 kila zoezi, asubuhi na jioni. Kuvutika ni sawa, ila maumivu makali ni ishara ya kusimama.

*Kubana.* Bandeji na soksi ya mkono ya kubana husaidia sana, lakini zifungwe na aliyefundishwa, kwa mbano mkubwa vidoleni unaopungua kuelekea begani. Kitambaa kilichofungwa kwa nguvu juu ya kiwiko huzidisha uvimbe.

5. Mambo ya kuacha

Tuache kukanda mkono uliovimba kwa maji ya moto, maana joto huongeza uvimbe na ngozi yenye ganzi huungua bila mama kujua. Tuwaombe waganga wa jadi, kwa heshima, wasichanje chale, kwa sababu kila chale ni mlango wa vijidudu. Nasi matabibu tusitoe Lasix kwa uvimbe huu, kwani dawa ya kukojoza haifungui njia ya limfu.

6. Dalili za kutosubiri

Mkono ukiwa mwekundu, wa moto, wenye maumivu na homa, antibayotiki zianze siku hiyo hiyo. Uvimbe wa ghafla wenye rangi ya bluu na mishipa iliyotuna unaweza kuwa damu iliyoganda. Uvimbe mgumu kwapani au shingoni, maumivu yanayozidi usiku, au kiganja kuishiwa nguvu huenda ni saratani iliyorudi. Wote wenye dalili hizi wapelekwe hospitali bila kuchelewa.

7. Mapendekezo

Kwanza, kila zahanati na kituo cha afya kiwe na futikamba, na kila mama aliyefanyiwa upasuaji apimwe kila baada ya miezi mitatu kwa miaka miwili, kisha kila mwaka. Pili, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iwafundishe wauguzi wa kila wilaya kufunga bandeji na kuongoza mazoezi. Tatu, wahudumu wa jamii wamfundishe pia mume, dada au binti aliye nyumbani, kwa sababu yeye ndiye atakayemtwisha ndoo na kumhimiza mazoezi. Nne, mgonjwa apewe mafunzo haya kabla hajaondoka wodini. Hakuna pendekezo hapa linalosubiri mashine wala bajeti kubwa, na utekelezaji unaweza kuanza na mgonjwa wa kwanza atakayefika kwako wiki hii.