Kutenganisha Rangi Kabla ya Kuchoma Skrini: Maandalizi ya Mchoro wa Fulana



Nimepewa kazi ya kuzungumzia jinsi mchoro unavyoandaliwa na rangi zinavyotenganishwa kabla ya fulana kuchapwa kwa skrini. Hoja yangu ni moja, na ninaitanguliza ili hata atakayesinzia baada ya chakula asiikose: fulana nyingi mbaya zinazopita mitaani hazikuharibiwa na aliyevuta skwiji. Zilikwisha kuharibika kwenye kompyuta, pale mchoraji alipofanya kazi kana kwamba mbele yake kuna karatasi nyeupe na printa yenye akili. Skrini haina akili. Ina matundu yaliyozibwa na matundu yaliyo wazi, basi. Palipo wazi wino unapita, na kila skrini hupitisha wino wa rangi moja. Kwa hiyo kila rangi iliyomo kwenye mchoro lazima mtu aamue itatoka skrini ipi. Uamuzi huo ndio utenganishaji, na hauwezi kuachiwa fundi wa mezani aufanye akiwa na wino mikononi.

Kitambaa kina rangi yake

Swali la kwanza kwa mteja ni fulana yenyewe: ya rangi gani, ya pamba au ya poliesta? Wengi wetu huliuliza mwisho, mchoro ukiwa umeshakubaliwa na malipo ya awali yameshapokelewa.

Mama zetu wa pwani wanavaa jibu la swali hili kila siku. Itazameni kanga ya kisutu: nyekundu, nyeusi na nyeupe. Macho yanahesabu rangi tatu, lakini wino ni wa rangi mbili tu, kwani weupe ni wa kitambaa chenyewe, umeachwa wazi kwa makusudi. Aliyeichora aliifanya nguo iwe sehemu ya mchoro. Nasi kwenye fulana tunapaswa kufanya vivyo hivyo. Nembo ya nyeusi na nyekundu ikienda kwenye fulana nyekundu ni kazi ya skrini moja, mradi mchoro wenyewe unairuhusu nguo ionekane.

Upande wa pili ni pale nguo inapokupinga. Mashabiki wa Yanga wanataka maandishi ya njano juu ya kijani. Ukivuta wino wa kawaida wa njano moja kwa moja juu ya kijani, utapata rangi ya ndizi iliyochumwa kabla ya wakati. Lazima kwanza upige weupe wa kufunika, ukaushwe kidogo, ndipo njano ikae juu yake. Hiyo ni skrini ya ziada na filamu ya ziada, na mchoraji ndiye anayepaswa kuiandaa. Mashabiki wa Simba nao wanataka nyeupe juu ya nyekundu. Kwenye pamba hakuna tatizo kubwa. Kwenye jezi ya poliesta, rangi ya nguo huamshwa na joto la kukaushia, ikapanda kwenye wino, na weupe uliotoka mezani ukisifiwa unakuwa waridi baada ya siku chache. Wino wa plastisoli wa kawaida huiva kwenye nyuzi joto 160 hivi, na joto hilo linatosha kabisa kuleta balaa hilo. Tumia wino uliotengenezwa kwa ajili ya poliesta na unaoiva kwa joto la chini. Usimlaumu mchoraji kwa jambo hili, lakini mlaumu kama hakuuliza nguo ni ya aina gani.

Picha iliyopita kwenye WhatsApp

Hapa nitakwenda haraka, maana kila mmoja wetu ana kilio chake. Mteja anatuma nembo kwenye simu, upana wake pikseli 640. Anataka ijae kifuani, sentimita 28, yaani inchi 11. Gawanya: zinabaki pikseli 58 kwa kila inchi, wakati picha ya kuchapwa inahitaji kama 300 katika ukubwa wake wa mwisho. Kuikuza kwenye programu hakuongezi kitu ambacho hakikuwamo. Mwambie atume faili kama dokumenti, si kama picha, kwa sababu WhatsApp hubana picha. Kama hana faili ya asili, nembo ichorwe upya kwa vekta, kwenye CorelDRAW au Illustrator, na kazi hiyo ilipiwe.

Ukishakuwa na vekta, geuza maandishi yote kuwa mistari ili herufi zisibadilike kwenye kompyuta nyingine. Kisha tafuta vitu vyembamba. Mstari wa chini ya nusu milimita ni wa mashaka kwenye wavu wa nyuzi 43 kwa sentimita, ambao ndio wavu wa kazi nyingi za karakana zetu. Uwazi ni mbaya kuliko mstari: herufi nyeupe zilizoachwa ndani ya wino mweusi huzibwa na wino unaotambaa, na namba ya simu ya kampuni inageuka kuwa madoa. Nenepesha herufi hizo kabla ya kuchoma skrini.

Bendera mbili

Niruhusuni nikae hapa, maana sijaona somo la utenganishaji lililo zuri kuliko bendera ya Kenya na bendera ya Tanzania. (Matumizi ya alama za taifa kibiashara yana sheria zake, kwa hiyo tuzifanyie mazoezi kwanza, kuuza ni habari nyingine.)

Chukua fulana nyeupe. Bendera ya Kenya inahitaji skrini tatu: nyeusi, nyekundu, kijani. Weupe ni nguo. Tazama sasa jinsi ilivyopangwa: kati ya nyeusi na nyekundu kuna ufito mweupe, na kati ya nyekundu na kijani kuna mwingine. Ukiacha ngao iliyo katikati, wino haugusani na wino. Skrini ikisogea nusu milimita, ufito mweupe unanenepa upande mmoja kidogo, na hakuna atakayeona ila fundi. Ni bendera inayomsamehe mchapaji.

Bendera ya Tanzania haisamehe. Skrini ni nne: kijani, njano, nyeusi, buluu. Njano inagusana na kila moja ya zile nyingine. Kama mchoraji amekata rangi zikutane ukingo kwa ukingo, kama zilivyo kwenye kompyuta, fulana ikinywea kidogo tu baada ya kukaushwa utaona mstari mweupe wa nguo ukichungulia. Dawa yake ni kuipanua rangi nyepesi iingie chini ya rangi nzito. Hapa njano ndiyo inayopanuliwa, kwa thuluthi moja ya milimita hivi, na kijani, nyeusi na buluu zinabaki na kingo zao, kwa sababu jicho linafuata ukingo wa rangi nzito. Njano huchapwa kwanza, nyeusi mwisho. Lakini angalieni pale inapokutana na buluu. Wino wa buluu usiofunika vizuri ukilala juu ya njano utatoa uzi wa kijani kwenye mpaka. Chini ya nyeusi unaweza kupanua zaidi bila hofu, ila chini ya buluu panua kidogo kabisa, au tumia buluu nzito. Hakuna kitufe cha kompyuta kitakachokuamulia hilo.

Sasa badilisha fulana iwe nyeusi. Bendera ya Tanzania bado ni skrini nne, lakini si zile nne za mwanzo. Nyeusi imeondoka, nguo imechukua nafasi yake. Mahali pake umeingia weupe wa chini, unaobeba kijani, njano na buluu. Weupe huo haukatwi sawasawa na rangi za juu. Unapunguzwa kingo zake zote zinazopakana na nguo, tuseme thuluthi hadi nusu ya milimita kuingia ndani, ili skrini ikisogea usije ukachungulia kama shimizi. Ndani, pale rangi zinapopakana zenyewe kwa zenyewe, weupe unaachwa mzima.

Bendera ya Kenya kwenye fulana nyeusi inabaki na skrini tatu, ikiwemo ya weupe: nyeupe, nyekundu, kijani. Weupe unafanya kazi mbili, ni msingi wa rangi na papo hapo ni fito zenyewe, kwa hiyo unapunguzwa penye ukingo wa nje na kuachwa bila kupunguzwa kwenye fito. Tena kuna mtego: ufito mweusi wa juu unapotelea kwenye nguo, na bendera inaonekana imekatwa kichwa. Mchoraji anapaswa kuizungushia mstari mwembamba mweupe. Bendera ile ile, nguo mbili, filamu tofauti. Anayetumia filamu za fulana nyeupe kwenye fulana nyeusi ili kuokoa karatasi anaokoa karatasi kweli, lakini fulana anazitupa.

Tembo chini ya Kilimanjaro

Picha zenye vivuli zina kanuni nyingine. Chukueni ile fulana nyeusi ya watalii inayouzwa Arusha na Zanzibar: tembo, mlima, jua linazama. Wengi hukimbilia rangi nne za ofseti, yaani buluu-maji, waridi, njano na nyeusi. Wino hizo zinapitisha mwanga na zimekusudiwa karatasi nyeupe. Kwenye fulana nyeupe zitafanya kazi, kwenye nyeusi zitamezwa.

Njia inayofaa ni kuchagua wino chache za kufunika na kuzichapa kwa nukta. Kwa tembo wetu: weupe wa chini, njano ya dhahabu, chungwa iliyoiva, kijivu, na weupe wa kumalizia. Nyeusi haichapwi kabisa. Weupe wa chini hupatikana kwa kuigeuza picha iwe ya kijivu na kuipindua, ili palipong'aa kwenye picha ndipo wino uwe mwingi, na penye kivuli kizito kusiwe na wino hata chembe. Ngozi ya tembo upande wa giza ni nguo tupu. Weupe wa mwisho unawekwa kwenye theluji ya kilele na ncha za pembe tu. Ukiutapanya kila mahali, picha nzima inakuwa kama imemwagiwa unga.

Nukta zenyewe zina hesabu. Chukua nyuzi za wavu kwa inchi, gawanya kwa nne na nusu, utapata idadi ya mistari ya nukta ambayo wavu huo unaweza kuishika. Wavu wa 43 ni nyuzi 109 kwa inchi, kwa hiyo mistari 24, nukta kubwa mno kwa uso wa mnyama. Wavu wa 90 ni nyuzi kama 229 kwa inchi, na hapo unafika mistari 50, inayotosha fulana yoyote inayotazamwa na mtu aliyesimama mbele yako. Mistari 45 hadi 55 ndiyo eneo la kufanyia kazi. Pembe ya nukta isiwe 0 wala 90, maana ndiko nyuzi za wavu zinakoelekea, na viwili hivyo vikifuatana vinatoa mawimbi kama ya maji. Pembe ya nyuzi 22.5 ni salama kwa rangi zote za kazi ya namna hii.

Tena nukta hunenepa. Ile ya asilimia 50 kwenye filamu inaweza kuonekana kama 65 au 70 kwenye pamba. Punguza rangi za kati kabla ya kutoa filamu. Picha ikionekana imepauka kidogo kwenye kompyuta, huenda iko sawa.

Filamu

Kila filamu hutoka nyeusi, hata ya njano, kwa sababu kazi yake ni kuzuia mwanga. Wanafunzi wanaotoa filamu ya njano kwa wino wa njano bado wapo. Mchoro haugeuzwi: usomeke sawa ukitazama upande wenye wino, na upande huo ndio ugusane na dawa ya skrini chini ya kioo.

Karakana nyingi kwetu hutumia karatasi ya tresingi kwenye printa ya leza, na nyingine bado zinapaka karatasi ya kawaida mafuta ya kupikia. Mafuta yanafaa kwa herufi kubwa za kampeni. Kwa nukta hayafai, kwani mwanga unatawanyika na kula kingo. Tresingi nayo hunywea kwa joto la printa, kwa hiyo karatasi ipitishwe mara moja ikiwa tupu kabla ya kuchapwa, na filamu zote za kazi moja zitolewe kwa mkupuo mmoja. Ukitoa nyekundu leo na kijani kesho, hazitalingana.

Kila filamu iwe na alama za rejista juu na chini katikati, na iandikwe pembeni: jina la kazi, rangi ya wino, namba ya wavu, rangi ya fulana, na ni ya ngapi kuchapwa. Mteja akirudi mwakani, maandishi hayo ndiyo yatakayokuokolea nusu siku.

Bei na mafunzo

Kila rangi ni filamu, skrini na mvuto wa ziada. Kwa fulana kumi za harusi zenye picha ya maharusi, mpelekeni mteja kwa wenye mashine za DTF, zinazochapa kwenye filamu ya kuhamishia, msione haya. Skrini inashinda fulana zikiwa mamia na rangi zikiwa chache, na mchoraji anayejua kupunguza rangi sita zikawa tatu bila mteja kulalamika ana thamani kuliko mashine nyingi.

Kwa hiyo naiomba semina hii iazimie mambo mawili. Kwanza, utenganishaji uandikwe kwenye ankara kama huduma inayojitegemea, yenye bei yake, badala ya kufichwa ndani ya bei ya fulana na kufanywa usiku kwa haraka. Pili, vyuo vinavyofundisha usanifu wa picha visimpe cheti mwanafunzi ambaye hajachapa kwa mkono wake, kwenye fulana nyeusi, mchoro alioutenganisha mwenyewe.