Uvumilivu wa Iten



Atokaye Bonde la Kerio kwa baiskeli kwenda Iten hana budi kupanda. Bondeni ni joto na migunga. Mji wenyewe umekaa ukingoni mwa genge, mita zipatazo 2,400 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na pumzi ni haba. Tulipofika Tambach tulikuwa tumekwisha kushuka mara kadhaa, tukiisukuma baiskeli kama mkokoteni. Vijana wakatupita wakikimbia, tena wakizungumza! Hatukuona haya, umri nao ni mzigo.

Hewa hiyo haba huufanya mwili uongeze chembe nyekundu za damu, na kwa sababu hiyo wanariadha huja huko kutoka pande zote za dunia. Lakini hewa peke yake haitoshi. Mwaka 1976 Bruda Colm O'Connell, wa Shirika la Mabruda wa Mtakatifu Patriki, aliwasili kutoka Ireland kufundisha katika shule ya sekondari ya Mtakatifu Patriki. Hakuwa mkimbiaji, ukocha alijifunza kwa kuwatazama wanafunzi. Mmoja wa aliowalea ni David Rudisha, bingwa wa Olimpiki wa mita 800 mwaka 2012 na 2016.

Basi Iten ni shule ya uvumilivu, neno tunalolipenda sana mimbarini. Pengine twalipenda kupita kiasi. Tarehe 12 Septemba 2021 Agnes Tirop alivunja rekodi ya dunia ya kilometa 10 katika mbio za wanawake peke yao, kwa dakika 30 na sekunde 1. Tarehe 13 Oktoba alikutwa ameuawa kwa kisu nyumbani kwake Iten, akiwa na miaka 25. Mumewe alishtakiwa kwa mauaji.

Ni wanawake wangapi wamefika kwetu nyuso zimevimba, wakajibiwa, "Vumilia, mama, ndoa ni msalaba"? Mkimbiaji huvumilia maumivu aliyoyachagua, katika njia ambayo mwisho wake anaujua. Naye akiumia, kocha humsimamisha. Anayepigwa nyumbani hana hata kimoja cha hivyo. Na msalaba Bwana wetu aliuchukua kwa hiari yake.

Sheria ya Kanisa yenyewe, katika kanuni ya 1153, yampa haki ya kuondoka mwenzi aliye katika hatari kubwa ya roho au mwili. Makatekista wanaowaandaa wachumba wasiiruke. Na mama akibisha hodi usiku, apewe kwanza mahali pa kulala. Kikao cha wazee kitangoja.