Bango Letu la Maji ya Chumvi na Sukari

(Mazungumzo na wanakisomo)

Leo tuzungumze juu ya kutengeneza bango kwa simu. Siku hizi si lazima kumtafuta mchoraji. Zipo programu za kazi hiyo katika intaneti, kama Canva, iliyoanzishwa Australia mwaka 2013, na Google Slides. Zote mbili unaweza kuzitumia bure. Lakini bure hiyo inataka bando, na bando tunanunua, si ndiyo? Basi maneno tuyaandike kwanza kwenye daftari, tukubaliane, ndipo tuwashe intaneti.

Bango letu ni la maji ya chumvi na sukari. Mtoto anayeharisha hupoteza maji mwilini upesi, na anaweza kufa. Pakiti za zahanati ndizo bora. Zikikosekana, vipimo ni hivi: maji safi ya kunywa lita 1, sukari vijiko vya chai 6, chumvi nusu kijiko cha chai. Vijiko visawazishwe, visiwe na kilima. Mtoto apewe maji hayo huku akipelekwa zahanati.

Sasa hapa sikilizeni vizuri. Programu haijui vipimo vya dawa. Ukikosea ukaandika chumvi vijiko 6, itakupambia kosa hilo kwa rangi na maua. Na watu wakiona bango limechapwa vizuri huliamini. Chumvi ikizidi humdhuru mtoto. Kwa hiyo kabla ya kuchapa, mhudumu wa zahanati alisome neno kwa neno. Na nusu tuiandike kwa herufi, "nusu", maana ile alama yake ndogo mtu anaweza kuisoma 1 na 2.

Kazi yenyewe si ngumu. Unafungua programu, unachagua ukurasa mtupu, unagusa mahali pa maneno, unaandika. Herufi ziwe kubwa, nyeusi, juu ya karatasi nyeupe. Mimi sipendi maandishi mekundu juu ya kijani. Yakichapwa bila rangi yote huwa kijivu, hayasomeki. Picha nyingine ndani ya Canva ni za kulipia, zinatokea na alama juu yake. Tuziache. Tupige picha kijiko chetu na chupa yetu, maana hizo kila mama atazitambua.

Likiisha tunalihifadhi kama PDF, tunalipeleka steshenari mjini. Karatasi ya A3 ni sawa na A4 mbili zilizowekwa pamoja, kwa hiyo hata mashine ndogo inaweza kutuchapia vipande viwili, tukaviunga kwa gundi.

Haya basi. Kipindi kijacho mje na chupa ya lita 1 na kijiko cha chai. Simu mbili zatosha darasa zima. Mama mwenye mkono mwepesi ataandika, wengine tutamsomea kutoka kwenye daftari.