Andikeni, Mashahidi Wawepo
Ndugu Waislamu, Mwenyezi Mungu ametuamrisha, Al-Baqara aya ya 282, kuandika deni, liwe dogo au kubwa, mbele ya mashahidi. Seuze mali ya umma! Mkataba wa dhahabu ya Buzwagi, wilayani Kahama, ulitiwa saini London, Februari 2007. Mbunge Zitto Kabwe alipouhoji, Agosti mwaka huo, Bunge lilimsimamisha. Mgodi ukaacha kuzalisha dhahabu 2021. Ni wangapi kati yetu waliousoma mkataba ule? Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ipo tangu 2016, lakini asiyejua kusoma ataomba waraka gani? Enyi wanafunzi, leo baada ya Alasiri waketini na wazee wenu, muwasomee hati ya shamba kabla hawajaweka dole gumba.