Oili Isiyoonekana: Matunzo ya Sehemu ya Chini ya Injini ya Boti

Ifuatayo ni mada iliyotolewa na kitengo chetu cha ufundi katika semina ya kamati za parokia za visiwani, Ziwa Victoria. Tunaichapisha kwa faida ya wasomaji wote.



Tumeombwa tuzungumzie uendelevu wa miradi ya boti. Tumeona ni vyema tuseme juu ya kitu kimoja kidogo, maana boti nyingi husimama kwa sababu yake. Kitu hicho ni oili ya gia.

Injini nyingi zilizoko visiwani ni zile zinazochanganyiwa oili kwenye petroli. Nahodha anaijua oili hiyo vizuri. Anainunua kila safari, anaipima na kuimimina, na mhasibu anaiona kwenye stakabadhi. Hivyo sote huamini kwamba injini imeshapata oili. Lakini oili hiyo huishia juu, kwenye pistoni. Kule chini majini, nyuma ya propela, kuna chumba kilichofungwa chenye gia, beringi na shafti. Chumba hicho kina oili yake peke yake, na hakuna tone linaloshuka kutoka juu kwenda kukisaidia. Hata injini za aina mpya, zisizochanganyiwa oili, zina chumba hicho hicho.

Gia zikisagika, injini hunguruma lakini boti haiendi. Wanaotoka visiwani wanajua maana yake. Mama mjamzito aliyepewa rufaa na zahanati amelazwa ndani ya boti, giza linaingia, upepo unaisukuma boti upande usiotakiwa, na petroli imejaa tangi. Injili ya Mathayo, sura ya 25, inatupa mfano wa wanawali kumi. Wote kumi walikuwa na taa. Kilichowatenganisha ni oili, nayo haikuweza kuazimwa usiku wa manane.

Adui mkubwa wa oili hii ni maji. Maji huzuiwa na sili za mpira zilizozunguka shafti, pamoja na washa ndogo zilizo kwenye skrubu za oili. Injini ikifanya kazi, chumba hupata moto na hewa iliyomo hutanuka. Ikizimwa ndani ya maji baridi, hewa husinyaa na kuvuta maji kupitia sili iliyochoka. Pia katika ziwa letu kuna vipande vingi vya nyavu na nyuzi za nailoni. Uzi ukijiviringisha nyuma ya propela, hujikaza kwenye shafti na kuikata sili polepole. Nahodha hasikii chochote.

Namna ya kubadilisha oili si ngumu. Simamisha injini wima. Weka chombo chini, fungua skrubu ya chini, kisha fungua ya juu ili hewa iingie na oili ishuke yote. Wakati wa kujaza, oili haimiminwi kutoka juu, kwa sababu hewa hunaswa ndani na chumba hakijai. Husukumwa kwa chupa au pampu kupitia tundu la chini, hadi itokee tundu la juu bila mapovu. Hapo funga skrubu ya juu kwanza, ndipo uondoe pampu na kufunga ya chini haraka. Weka washa mpya kila mara. Tumia oili ya gia iliyoandikwa kwenye kitabu cha injini. Kwa injini nyingi ni SAE 90. Oili ya injini ya gari, au ile ya kuchanganya na petroli, haifai mahali hapa.

Kabla ya kuondoa oili iliyotoka, itazameni. Hapo ndipo injini inapowaambia hali yake. Ikiwa safi na nzito, mshukuruni Mungu na muendelee. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia: sili zibadilishwe kabla ya safari nyingine, maana kuweka oili mpya peke yake ni kuifunika shida. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, imecheleweshwa. Masizi laini ya chuma kwenye skrubu ni ya kawaida, lakini mkiona vipande vinavyoshikika kwa kidole, injini isitumike hadi fundi aifungue.

Siku hiyo hiyo vueni propela, ondoeni nyuzi zote, pakeni grisi kwenye shafti, na mrudishe na pini yake ya kufungia. Oili chafu isimwagwe ziwani wala ufukweni, kwa kuwa maji hayo ndiyo tunayokunywa. Ihifadhiwe kwenye dumu hadi ipelekwe gereji mjini.

Je, kazi hii ifanyike mara ngapi? Kwa kawaida ni kila saa 100 za kazi au kila miezi 6, lolote litakalotangulia. Injini mpya hubadilishwa mapema zaidi, kama kitabu chake kinavyoelekeza. Tupige hesabu. Boti inayotembea saa 2 kila siku hutimiza saa 100 kwa siku 50. Kwa mwaka ni saa 730, yaani mara 7. Injini nyingi za nguvu farasi 15 hadi 40 hazichukui hata nusu lita kwa mara moja. Kwa hiyo mahitaji ya mwaka mzima hayafiki lita 4. Kinachogharimu ni kutoyatimiza.

Wajumbe wa kamati, tunawaomba msiishie kuuliza kama boti inatembea. Ulizeni oili ya gia ilibadilishwa lini, na ilitoka na rangi gani. Nunueni daftari moja, nahodha aandike saa za kila safari, na liletwe mezani kila kikao. Mafundisho haya yasibaki kwa mtu mmoja. Wafundishwe angalau wawili, ili mmoja akihama kisiwa, kazi isihame naye.

Wafadhili wetu, kwa moyo wa shukrani tunawaomba mambo mawili. Mnapotoa injini, ongezeni seti ya sili, washa, pampu ya kujazia na oili ya mwaka wa kwanza. Na mnapopokea taarifa, pamoja na picha ya siku ya makabidhiano, ombeni nakala ya ukurasa wa daftari hilo. Picha inaonyesha kwamba injini ilifika. Daftari linaonyesha kama bado itamvusha mama usiku wa leo.