Kisima ni Amana: Taka za Sumu na Maji Yaliyo Chini ya Ardhi
(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wanajumuiya, Mchukwi)



Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 26, twasoma kwamba Isaka alivikuta visima vya baba yake Abrahamu vimefukiwa kwa udongo, naye akavichimbua upya. Kisima kilichofukiwa kwa udongo chaweza kuchimbuliwa. Je, kisima kilichoingiwa na sumu kitarudishwa na nani? Hilo ndilo tunalotaka kulitafakari pamoja.

Sisi wa Mchukwi, pamoja na wenzetu wa Kibiti na delta ya Rufiji, tunategemea sana maji ya visima. Ardhi ya pwani kwa sehemu kubwa ni ya kichanga. Mchanga hupokea mvua upesi, nasi tunapata maji. Lakini hupokea upesi vilevile kila kinachomwagwa juu yake. Mvua inyeshapo juu ya lundo la taka, maji hupenya ndani, huyeyusha sumu, kisha hushuka nayo hadi kwenye tabaka la maji. Huko chini maji husogea polepole. Kwa hiyo sumu iliyofukiwa leo yaweza kufika kisimani baada ya miaka mingi, aliyeifukia akiwa amekwisha kusahaulika. Tena, kuchemsha maji huua vijidudu tu. Hakuondoi risasi wala zebaki.

Mfano hauko mbali. Mwaka 1986 shehena ya dawa za kuulia wadudu na magugu, nyingine zikiwa zimekwisha muda wake, ililetwa kama msaada kutoka Ugiriki ikahifadhiwa katika banda la shamba la Vikuge, Kibaha, humu humu mkoani Pwani. Banda likaanguka, dawa zikabaki wazi. Baadaye mabaki yaliyoonekana yaliondolewa. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulikuta udongo wa juu ukiwa na DDT hadi asilimia 28, na maji ya eneo hilo, yakiwemo ya kisima, yakiwa na dawa za jamii hiyo hadi mikrogramu 30 kwa lita. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha DDT katika maji ya kunywa kuwa mikrogramu 1 kwa lita. Lundo liliondoka, sumu ikabaki. Mzigo ukawaangukia wanavijiji ambao hawakuiagiza.

Wengine watasema: basi taka zisije kwetu, zipelekwe kwingine. Ndugu zetu, hapo tuwe waangalifu. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walilishtaki Jiji kwa sababu ya dampo lililowatesa kwa moshi na harufu. Jaji Lugakingira aliwapa haki, akikumbusha kwamba Katiba, ibara ya 14, inalinda uhai wa kila mtu. Lakini Jiji likageukia Kunduchi Mtongani, na wakazi wa huko nao wakalazimika kwenda mahakamani, wakashinda mwaka 1991. Kisha taka zikapelekwa Vingunguti. Kuuhamisha mzigo kutoka kwa jirani mmoja hadi kwa mwingine si haki. Haki ni kuudhibiti.

Udhibiti huo una msingi katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za taka hatarishi zilizotolewa mwaka 2021. Dampo la taka za sumu halianzishwi bila tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi wana haki ya kusikilizwa. Mahali pa namna hiyo pawe mbali na visima na mabonde ya mafuriko. Sisi tuliouona Mto Rufiji mwaka 2024 hatuhitaji kuelezwa kwa nini. Chini patandikwe udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa na karatasi nzito ya plastiki. Yawekwe mabomba ya kukusanya maji ya taka. Na vichimbwe visima vya uchunguzi, ambavyo maji yake hupimwa mara kwa mara, hata miaka mingi baada ya dampo kufungwa.

Hivyo basi, tunawaomba mambo matatu.

Kwanza, mtu akija kuomba ardhi ya kijiji, tuhudhurie mkutano mkuu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano huo. Tuulize: kitafukiwa nini, na nani atapima maji?

Pili, tuanze nyumbani. Makopo ya dawa za mikorosho na betri chakavu visitupwe kisimani, mtoni wala shimoni. Kopo la dawa lisiwe kamwe chombo cha maji.

Tatu, kila jumuiya iorodheshe visima vya eneo lake na kuiomba halmashauri ya wilaya ipimiwe maji hayo. Tufanye hivyo pamoja na jirani zetu Waislamu, maana kisima hakiulizi dini ya mchotaji.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, alifundisha kwamba maji safi ni haki ya msingi ya binadamu, kwa kuwa uhai wenyewe unayategemea. Isaka aligombewa visima viwili, wala hakuacha kuchimba hadi akapata cha tatu kisicho na ugomvi, akakiita Rehobothi. Nasi tusichoke. Wajukuu wetu watakunywa kile tutakachowaachia.

Mungu awabariki.